Prokarioti na eukarioti: katika tofauti zote za daftarini, ushike ipi?

Kila mwanafunzi wa sayansi hapa Goma ana jedwali lile lile daftarini: kushoto prokarioti (seli zisizo na kiini, yaani chumba chenye utando cha kutunzia DNA), kulia eukarioti (seli zenye kiini), katikati mstari uliopigwa kwa rula. Jedwali si baya. Shida yake ni kwamba tofauti zote zimepewa uzito mmoja. Ukubwa wa seli umeandikwa kwa wino ule ule wa kiini, na mkia wa kuogelea umekaa sambamba na ribosomu, zile mashine za seli zinazotengeneza protini. Siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ukiwa na majibu matano mbele yako na yote yanafanana, au siku umesimama dirishani mwa farmasi unaulizwa kama unataka dawa ya malaria au antibiotiki, tofauti hizo hazikusaidii sawasawa. Nyingine zina mianya mikubwa. Naliweka jedwali kwanza, kisha nitasema ningeegemea wapi na wapi ningepita haraka.

| Sifa | Prokarioti | Eukarioti |
|---|---|---|
| Mifano | bakteria, arkea | wanyama, mimea, kuvu, amiba, vimelea vya malaria |
| Ukubwa wa kawaida | mikromita 0.5 hadi 5 | mikromita 10 hadi 100 |
| DNA (ADN ya vitabu vyetu vya Kifaransa) | mara nyingi duara moja, imo ndani ya sitoplazimu | nyuzi kadhaa zenye ncha mbili, zimo ndani ya kiini |
| Ribosomu | 70S | 80S |
| Ukuta | peptidoglikani kwa bakteria walio wengi | selulosi kwa mimea, kitini kwa kuvu, hakuna kwa wanyama |
| Mitokondria (vituo vya nishati vya seli) | hakuna | zipo kwa karibu wote |
| Kugawanyika | seli hukatika kuwa mbili | mitosi. Meiosi kwa seli za uzazi |

Ukubwa uweke pembeni

Ukubwa hauamui kesi. Mwaka 2022 watafiti walimweleza bakteria wa kwenye mikoko ya Guadeloupe, *Thiomargarita magnifica*, ambaye seli yake moja hufikia urefu wa sentimita 1 hivi. Unamwona kwa macho bila kioo chochote. Upande wa pili kuna mwani wa baharini, *Ostreococcus tauri*, wenye kiini, mitokondria na kloroplasti, na wote mzima una upana wa kama mikromita 0.8 tu. Ukipewa ukubwa peke yake na kuambiwa uchague, huna cha kuchagulia.

Lakini usiufute mstari huo, maana ndio unaoeleza kwa nini mistari mingine ipo. Ndani ya bakteria wa mikromita 2, molekuli husambaa yenyewe kutoka ncha moja hadi nyingine kabla sekunde haijaisha. Ni kama kibanda cha mtaani Birere hapa Goma: mwenyewe ameketi katikati, sabuni, chumvi na mafuta anavifikia kwa kunyoosha mkono. Seli yenye upana mara kumi ina ujazo mara 1000, na hapo mkono haufiki tena. Inabidi kuwe na vyumba, njia na wabebaji. Ndiyo maana eukarioti ana nyuzi za mikrotubuli, protini zinazotembea juu ya nyuzi hizo zikivuta mizigo, retikulamu ya endoplazimu, na Golgi ya kufungasha. Mwalimu akiuliza kwa nini bakteria hana Golgi, wengi huandika kwamba ni kiumbe duni. Mimi ningeandika kwamba hana kazi ya kuipa.

Sifa nyingine ya kupita haraka ni ile ya "seli moja". Bakteria ni wa seli moja, kweli, lakini amiba pia, na kimelea cha malaria pia. Tena mifano ya karibu iko mezani kwetu. Maziwa yanayogeuka kuwa jibini la Masisi huanza kuchachushwa na bakteria wanaobadili sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki: prokarioti. Kasiksi, ile pombe ya ndizi na unga wa mtama, inachachushwa na hamira inayogeuza sukari kuwa alkoholi na gesi: eukarioti, mwenye kiini na mitokondria kamili. Wote wawili ni wa seli moja, wote wawili wanachachusha, na wako pande mbili tofauti za jedwali.

Kiini, na mtego wa damu

Mgonjwa akiambiwa hapa mjini "nenda ufanye GE" (goutte épaisse, kipimo cha malaria), tone la damu yake linatandazwa juu ya kioo, linakauka, linatiwa rangi ya Giemsa, kisha linaletwa chini ya lenzi ya 100 yenye mafuta. Jichoni linafika limekuzwa mara 1000. Kimelea kichanga cha *Plasmodium falciparum* ni kijipete cha buluu chenye nukta nyekundu ukingoni. Ile buluu ni sitoplazimu. Ile nukta ni kiini. Karibu yake kuna chembe nyeupe ya damu, kubwa, na ndani yake kiini cha zambarau kimechukua nafasi nyingi. Mvamizi na mlinzi wako kwenye kioo kimoja, na wote wawili ni eukarioti.

Sasa ondoa kioo hicho uweke cha usaha kilichotiwa rangi ya Gram. Ukuzaji ni ule ule. Bakteria wanaonekana vijiti au vidoa, wa zambarau au wa waridi, rangi moja tangu ncha hadi ncha. Unazungusha skrubu ya hadubini mbele na nyuma ukitafuta nukta ndani yao, hupati. Na hutaweza kuilaumu rangi, kwa sababu kwenye kioo hicho hicho chembe nyeupe zinaonyesha viini vyao vya waridi bila shida. DNA ya bakteria ipo, imejikunja katikati ya sitoplazimu, ila hakuna utando unaoizunguka.

Utando huo una maana kuliko vitabu vingi vinavyosema. Kwa bakteria, nakala ya jeni inaanza kusomwa na ribosomu hata kabla haijamaliza kunakiliwa: huku inatoka, huku inasomwa. Kwa eukarioti nakala hutengenezwa ndani ya kiini, inakatwa vipande visivyohitajika (introni), vinavyobaki vinaungwa, ndipo inatoka kupitia matundu ya kiini kwenda kwenye ribosomu. Kazi mbili zimetenganishwa na utando. Bakteria anapata mwendo: *Escherichia coli* akiwa na chakula na joto zuri hugawanyika kila dakika 20 hivi. Eukarioti anapata nafasi ya kukagua na kuhariri, na jeni moja inaweza kutoa protini zaidi ya moja kwa jinsi vipande vilivyoungwa.

Mtego ni chembe nyekundu ya damu ya binadamu. Haina kiini. Wanaotunga maswali wanaipenda sana kwa sababu hiyo, na mwanafunzi aliyekariri "bila kiini ni prokarioti" anaingia moja kwa moja. Chembe hiyo ilizaliwa kwenye uboho ikiwa na kiini, ikakitoa nje ili ibaki na nafasi ya hemoglobini, na itaishi siku kama 120 bila kuweza kugawanyika. Ni eukarioti kwa asili yake. Ukitaka kuamini, tandaza damu ya kuku, au ya sambaza wa ziwani, kwenye kioo kile kile: chembe zao nyekundu zina viini, kila moja.

Na ile "duara moja" ya jedwali isome pamoja na neno "mara nyingi". *Vibrio cholerae*, bakteria ambaye Goma haihitaji kutambulishwa kwake tangu Julai 1994 alipoua maelfu katika kambi za wakimbizi, ana kromosomu mbili za duara. Wapo pia bakteria wenye DNA ya ncha mbili, kama *Borrelia*. Kilicho imara katika mstari huu ni mahali DNA ilipokaa. Umbo lake halikuahidi kitu.

Ribosomu: hapa ningesimama

Ningelazimishwa kubaki na mstari mmoja tu wa jedwali, ningechukua huu wa ribosomu, ingawa wanafunzi wengi huukariri bila kuuelewa. Ile S ni kipimo cha Svedberg, jina la mkemia wa Sweden, na kinapima jinsi kitu kinavyozama haraka kinapozungushwa kwa kasi kubwa. Hakipimi uzito. Kwa hiyo usishangae hesabu inapokataa: ribosomu ya bakteria ina vipande vya 30S na 50S, na vikiungana vinatoa 70S, yetu ina 40S na 60S, vinatoa 80S. Umbo likibadilika, mwendo wa kuzama nao unabadilika, hivyo hujumlishi.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya rafu ya antibiotiki. Doksisiklini na jentamisini hushika kipande cha 30S. Azithromisini, erithromisini na kloramfenikoli hushika cha 50S. Mgonjwa wa kipindupindu kwanza anapewa maji na chumvi, kwa kunywa au kwa mshipa, maana kinachoua haraka ni upungufu wa maji. Lakini akiongezewa doksisiklini, dawa hiyo inazuia ribosomu za *Vibrio* huku za mgonjwa zikiendelea na kazi. Mwili mmoja una mashine za aina mbili, na dawa inatambua aina moja.

Sasa chukua swali ambalo mtu wa labo husikia asubuhi hadi jioni: "Dokta, njo malaria ao ni tifoide?" Homa inafanana, uchovu unafanana, kichwa kinauma vile vile. Kwa seli, hayo ni magonjwa ya pande mbili za rula. Tifoide inaletwa na *Salmonella*, prokarioti. Malaria inaletwa na *Plasmodium*, eukarioti. Mtu akimeza amoksisilini kwa malaria, dawa inakwenda kutafuta ujenzi wa peptidoglikani, na *Plasmodium* hana peptidoglikani. Inapita bila kupata pa kushika. Akimeza artemeta na lumefantrini kwa tifoide, ni hivyo hivyo kwa upande mwingine: dawa za jamii ya artemisinini zinaamshwa na chuma kinachotokana na hemoglobini ambayo kimelea kinaila na kuimeng'enya ndani ya chembe nyekundu, na *Salmonella* haishi maisha hayo. Kununua vyote viwili "kwa usalama" kabla ya kipimo ni kulipa mara mbili kwa ugonjwa usiojulikana.

Kuna wanafunzi wajanja ambao hapa huinua mkono: mbona wasafiri wengine hupewa doksisiklini kujikinga na malaria? Swali zuri sana, na jibu lake linalikunja jedwali katikati. Ndani ya *Plasmodium* mna kijisehemu kinachoitwa apikoplasti, mabaki ya mwani uliomezwa zamani sana, ambao nao ulikuwa umerithi kloroplasti iliyotokana na bakteria. Apikoplasti ina ribosomu za namna ya kibakteria. Doksisiklini inazishika hizo. Inafanya kazi polepole, ndiyo maana peke yake haitoshi kumtibu mgonjwa, lakini inafanya kazi.

Hata sisi tuna wageni wa namna hiyo. Mitokondria ina DNA yake ya duara (kwa binadamu ina jeni 37), ina ribosomu zake zinazofanana na za bakteria kuliko za sitoplazimu yetu, na huongezeka kwa kugawanyika. Lynn Margulis aliitetea hoja hiyo mwaka 1967: kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru, zikaingia ndani ya seli nyingine, zikabaki. Leo ndiyo elimu inayofundishwa. Kloramfenikoli, antibiotiki ya zamani ya tifoide, inaweza kuudhoofisha uboho wa mgonjwa, na sababu mojawapo ni kwamba inazigusa ribosomu za mitokondria zake. Kwa hiyo swali likisema "ribosomu za eukarioti ni 80S", soma tena: za sitoplazimu ndiyo, za mitokondria na kloroplasti hapana.

Tahadhari moja kuhusu dawa. Usijaribu kurudi nyuma kutoka kwenye dawa hadi aina ya seli. Metronidazoli, ile ambayo mtaa mzima unaijua kwa jina la dawa ya amiba, inaua *Entamoeba* na *Giardia*, ambao ni eukarioti, na inaua pia bakteria wanaoishi bila oksijeni. Inaamshwa na kemia ya seli zisizotumia oksijeni, kisha inaharibu DNA yao. Kiini hakihusiki kabisa. *Giardia* na *Entamoeba* wenyewe hawana mitokondria za kawaida, wamebaki na visalia vyake tu, na mwaka 2016 alielezwa *Monocercomonoides*, eukarioti asiye na mitokondria hata kidogo. Ndiyo sababu jedwalini niliandika "karibu wote".

Ukuta na mkia

Ukuta una faida moja kubwa: ukiambiwa ni wa peptidoglikani, umemaliza, ni bakteria. Hans Christian Gram alitoa njia yake ya rangi mwaka 1884 na bado tunaitumia, kwa sababu unene wa ukuta huo ndio unaoamua kama zambarau itabaki au itaoshwa. Penisilini na ndugu zake wanavuruga ujenzi wake. Lakini "ana ukuta" peke yake haisemi lolote, kwa kuwa kuvu na mimea pia wana kuta. Na "hana ukuta" nayo haisemi, kwa kuwa *Mycoplasma* ni bakteria asiye nao, naye anaicheka penisilini.

Mkia wa kuogelea: wa bakteria unazunguka kwenye mhimili, unasukumwa na ioni zinazoingia ndani ya seli. Wa eukarioti unapiga huku na huku, umejengwa kwa mikrotubuli, jozi tisa pembeni na nyuzi mbili katikati, unatumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Yote mawili tunayaita flajela, na hayana undugu. Ukiona kitu kinakimbia kwenye kioo cha kinyesi, usichague bado.

Jambo jingine ambalo halimo jedwalini na ambalo ningeliongeza: kumeza. Amiba wa kuhara damu akiwa hai kwenye kioo hujinyoosha, anatoa mguu wa bandia, na ndani yake mara nyingine unaziona chembe nyekundu alizozimeza. Kumeza seli nzima namna hiyo kunahitaji mifupa ya protini inayojengwa na kubomolewa kila wakati, na ni tabia ya eukarioti. Bakteria hutoa vimeng'enya nje na kufyonza kilichoyeyuka.

Ziwa linaloharibu mistari miwili

Watu wa Goma wana bahati ya kuishi juu ya mfano ambao wanafunzi wa kwingine huusoma tu. Chini ya Ziwa Kivu, kwenye maji ya kina yasiyo na oksijeni, kumeyeyuka kilomita za ujazo 60 hivi za methani. Upande wa Rwanda, Karongi, mtambo wa KivuWatt unaivuta na kutoa umeme wa megawati 26. Methani hiyo kwa sehemu kubwa imetengenezwa na viumbe wa seli moja, wasio na kiini, wenye ribosomu 70S. Kwa jedwali letu ni prokarioti. Lakini si bakteria. Ni arkea.

Carl Woese na George Fox waliwatenga mwaka 1977 kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, ribosomu tena. Ukuta wa arkea hauna peptidoglikani. Mafuta ya utando wao yameungwa kwa namna nyingine. Na mashine wanayotumia kunakili jeni inafanana na yetu kuliko ya bakteria. Wengi wao hata wanazo histoni, zile protini ambazo daftari linasema ni za eukarioti peke yake. Mwaka 2015 walielezwa arkea wa jamii ya Loki, kutoka chini ya bahari kati ya Greenland na Norway, wenye jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa zetu tu. Kwa hiyo "prokarioti" ni jina la wote wasio na kiini, kama mtu anavyoweza kusema "wasio na gari". Linaeleza wanachokosa, haliwafanyi ukoo mmoja. Swali likitaka bakteria, usimpe arkea.

Pima hapa

Seli moja, mikromita 5. Ina ukuta, penisilini haiufanyi kitu. Haina kloroplasti. Ribosomu za sitoplazimu ni 80S, na mna nyingine zinazokaribia 70S. Ukianza na ukubwa utasema bakteria. Ukianza na ukuta utayumba kati ya bakteria na mmea. Anza na ribosomu: 80S, huyo ni eukarioti, na zile nyingine ni za mitokondria. Ukuta bila kloroplasti unakupeleka kwa kuvu, na kuvu wa seli moja ni hamira.

Ya pili: haina kiini, ribosomu 70S, ina ukuta ambao penisilini haiudhuru, na inatoa methani. Ribosomu zinakuambia prokarioti. Ukuta na gesi vinakuambia arkea.

Ya tatu: haina kiini, haina mitokondria, haina ribosomu, upana mikromita 7 hadi 8, imebonyea katikati pande zote mbili. Prokarioti hawezi kuishi bila ribosomu, kwa hiyo jibu hilo limeshafutika. Andika: chembe nyekundu ya damu ya binadamu, eukarioti.